Sura naikumbuka, jina limenitoka: nifanyeje?

Swali: "Nimekabidhiwa idara yenye watu wapatao 40, wengi wao wageni kwangu. Sura zao nazikumbuka vizuri, hata najua nani ana mtoto mchanga na nani anasoma jioni, ila majina hayakai. Nikitambulishwa kwa mtu, dakika moja baadaye jina limeshanitoka. Wiki iliyopita nilimwita mfanyakazi kwa jina la mwenzake mbele ya watu, nikaona haya sana. Nimejaribu kulirudia jina mara tatu, nimejaribu pia kutengeneza picha za kuchekesha kichwani kama wanavyofundisha, sioni tofauti. Nina miaka 48. Je, akili imeanza kuchoka? Na nimfanyeje mtu niliyefahamiana naye mwaka mzima na jina lake silijui?"

Dada yangu, nianze na hofu ya umri, kwa sababu ikibaki moyoni mengine yote hutayasikia. Hicho unachokieleza, yaani kumjua mtu na habari zake ukakosa jina peke yake, ni jambo la kawaida mno. Mwaka 1985 wanasaikolojia watatu wa Uingereza, Andrew Young, Dennis Hay na Andrew Ellis, waliwaomba watu waandike daftarini kila mara walipokwama au kukosea katika kumtambua mtu. Visa kama vyako vilijaa humo. Kisa cha kinyume chake, mtu kulipata jina huku hajui lolote jingine kuhusu mwenye jina, hakikupatikana. Mwaka uliofuata Vicki Bruce na Young huyo huyo walieleza sababu kwa namna ambayo wataalamu wanaitegemea mpaka leo: ubongo kwanza unatambua kwamba sura hii si ngeni, halafu unaleta habari za mtu, na jina linakuja nyuma ya habari hizo. Kwa hiyo habari zikija bila jina, hakuna kilichoharibika. Umeishia hatua moja kabla ya mwisho, na hatua hiyo ndiyo ngumu kwa kila mtu.

Umri una mchango wake, sitakuficha. Utafiti wa Deborah Burke na wenzake wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kadiri miaka inavyosonga maneno hukwama kwenye ncha ya ulimi mara nyingi zaidi, na majina ya watu yako mbele katika kukwama huko. Lakini kukwama si kupotea. Mara nyingi jina hujileta lenyewe baadaye, ukiwa unafanya shughuli nyingine. Dalili za kukupeleka kwa daktari ni za namna nyingine: kusahau majina ya watu unaoishi nao, kupotea njia unayoipita kila siku, kuuliza swali ulilojibiwa muda mfupi uliopita bila kukumbuka kwamba uliuliza, kushindwa kazi uliyokuwa ukiimudu, au wenzako kuona umebadilika kabla wewe hujaona. Na mtu akipoteza maneno ghafla, au mdomo ukapinda, au mkono ukalegea, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Katika barua yako silioni hata moja kati ya haya. Ila kapime masikio. Wengi wanaoniambia wamesahau jina hawakulisikia tangu mwanzo, na hawajui kwamba hawakulisikia.

Sasa tuje kwenye jina lenyewe. Kwa nini kazi ya mtu inakaa na jina lake halikai? Mwaka 1987 Kathryn McWeeny na wenzake walifanya jaribio ninalolipenda sana kwa sababu linaondoa visingizio vyote. Waliwaonyesha watu sura za wasiowajua, wakawatajia jina la ukoo na kazi ya kila mmoja, na baadhi ya maneno yalikuwa yale yale: kwa mtu huyu neno ni jina, kwa yule ni kazi. Likiwa kazi lilikumbukwa kwa urahisi zaidi kuliko likiwa jina, ingawa herufi ni zile zile. Jifikirie mwenyewe. Nikikwambia huyu bwana ni mfinyanzi, tayari umeona udongo, chungu na mikono iliyochafuka, na pengine umemkumbuka mfinyanzi mwingine uliyewahi kumwona. Nikikwambia anaitwa Mfinyanzi, hujajua chochote kuhusu yeye. Jina peke yake halina pa kushikia. Ndiyo maana unakumbuka kwamba fulani ana mtoto mchanga: habari hiyo imeungana na mambo mengi unayoyajua kuhusu watoto, usingizi na uchovu. Jina lake halijaungana na kitu.

Nikisoma barua yako naona matatizo matatu uliyoyachanganya ukayaita kusahau. Kuna jina ambalo halikuingia kabisa. Kuna lililoingia likafifia kwa sababu hukulitumia. Na kuna lililomo ila halitoki pale unapolihitaji. Dawa ya moja haitibu jingine, na nadhani ndiyo sababu juhudi zako hazijazaa.

Jina linalokutoka ndani ya dakika moja, aghalabu halikuingia. Mwaka 1973 mtafiti Malcolm Brenner aliwaketisha watu kwa mzunguko, kila mmoja akasoma neno kwa sauti zamu yake ilipofika. Baadaye watu walikumbuka vibaya hasa maneno yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yao wenyewe. Walikuwepo, masikio yalikuwa wazi, lakini akili ilikuwa inajiandaa kusema. Ndivyo inavyokuwa unapotambulishwa. Mwenzako anataja jina lake wakati wewe unapanga utakavyotaja lako, unatazama kama mkono umeunyoosha vizuri, unafikiria kama kiongozi mpya utaonekanaje. Kwa hiyo jitambulishe wewe kwanza. Ukishamaliza sehemu yako huna cha kuandaa, na sikio lote ni la mwenzako. Kwenye kikao cha kujitambulisha omba kuanza, usingojee katikati.

Halafu kuna kelele. Katika sentensi ya kawaida, neno moja likikupita, maneno mengine yanakusaidia kulikisia. Jina halina msaada huo. Ukilisikia nusu umelikosa lote. Basi usilipitishe. Sema pale pale: "Samahani, jina lako sikulishika vizuri." Katika sekunde za mwanzo swali hilo ni heshima, na hakuna anayelichukulia vibaya. Kama ni jina usilolizoea, uliza linavyoandikwa na linavyotamkwa, kisha ulitamke mbele yake akusahihishe. Mazungumzo hayo mafupi kuhusu jina lake ndiyo yanayoanza kulipa pa kushikia.

Nikae zaidi kwenye ule ushauri uliopewa wa kulirudia jina mara tatu, maana hapo ndipo watu wengi wanapotezwa. Unaporudia jina ulilolisikia sekunde mbili zilizopita, hukumbuki chochote. Sauti bado iko sikioni na wewe unaiitikia tu. Kumbukumbu hujengwa pale unapolitafuta jina ambalo halipo tena sikioni, ukalichimbua mwenyewe. Mwaka 1978 Thomas Landauer na Robert Bjork waliwafundisha watu majina kwa kuwapima tena na tena, na wakaona kwamba inafaa sana kupimwa kwanza baada ya muda mfupi, wakati jina bado linapatikana, halafu baada ya muda mrefu kidogo, halafu mrefu zaidi. Kila ulipatapo, safari inayofuata unaweza kukaa muda mrefu zaidi kabla ya kulitafuta tena.

Katika maisha ya kazini inakuwa hivi. Umetambulishwa kwa Salome. Usilirudie jina papo hapo zaidi ya mara ile moja ya kuhakikisha umelisikia. Ongeeni. Baada ya sentensi chache, jiulize kimya: huyu nani? Ukilipata, endelea kumsikiliza. Mnapoagana, mwage kwa jina lake. Hapo umelitafuta mara ya pili. Ukishafika mezani kwako, litafute tena ukiwa humwoni. Jioni, rudisha sura za wote uliokutana nao siku hiyo na utafute jina la kila mmoja. Fanya hivyo kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Kila mara ni sekunde chache tu. Jina likikataa, litazame ulikoliandika mara moja, kisha baada ya dakika kadhaa jaribu tena bila kutazama.

Kuhusu picha za kichwani, acha kujilaumu. Njia hiyo ya kuchagua kitu usoni mwa mtu, kuligeuza jina kuwa kitu kinachoonekana na kuviunganisha viwili hivyo si uongo. Katika chumba tulivu, mbele ya picha zisizosema, inafanya kazi, na washindani wa mashindano ya dunia ya kumbukumbu, yaliyoanza mwaka 1991, wanaitumia kukariri majina na sura nyingi kwa dakika chache. Lakini mwaka 2005 Peter Morris, Catherine Fritz na wenzao waliipeleka kwenye hafla halisi, watu wakiwa wamesimama wakiongea. Waliofundishwa kulitafuta jina kwa vipindi vinavyorefuka walikumbuka vizuri zaidi. Waliofundishwa picha hawakupata faida. Mimi naona sababu iko wazi: huwezi kumsikiliza mtu kwa moyo wote huku unatengeneza kichekesho juu ya pua yake. Unapoteza mazungumzo, na pamoja nayo unapoteza zile habari ambazo jina lingezishikilia. Picha ziachie majina mawili matatu yanayokataa kabisa, uyafanyie kazi nyumbani. Na hata hapo usishike miwani, ndevu wala mtindo wa nywele, kwani vinabadilika. Shika jambo la kweli kuhusu mtu: Hamisi aliyekuuliza swali gumu siku ya kwanza, Rehema anayeandika kwa mkono wa kushoto.

Sasa hao watu 40. Omba orodha yenye picha kama ofisi inayo. Ukiipata, kishawishi cha kwanza kitakuwa kuisoma kutoka juu hadi chini mara nyingi. Usifanye hivyo. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanaosoma tena na tena wako mbele baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliojipima bila kutazama wamewapita kwa mbali. Kusoma tena kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo hudanganya. Funika majina, tazama sura, tafuta jina, kisha funua. Anza kwenye sura uende kwenye jina, kwa sababu ndivyo utakavyokutana nao kwenye korido. Anayejifunza kutoka jina kwenda sura huwa anashangaa kwa nini bado anakwama. Changanya mpangilio kila mara, la sivyo utajikuta umekariri kwamba baada ya Juma anafuata Neema, na wakisimama tofauti hujui kitu. Chukua watu sita au saba kwa siku, tena wale wanaokaa au kufanya kazi pamoja, ili siku ile ile upite kwao na kuwasalimu kwa majina. Mtu wa kwenye picha hacheki wala hatembei. Usiridhike mpaka umelipata jina mbele ya mtu mwenyewe.

Andika. Wengine huona kuandika ni kukiri udhaifu, mimi naona ni uangalifu kwa watu. Daftari dogo, jina, mahali mlipokutana, jambo moja mliloongea. Usiandike humo chochote ambacho ungeona aibu mwenyewe akikisoma. Na dakika mbili kabla ya kikao, pitia majina ya watakaokuwepo, kwa njia ile ile ya kujiuliza kwanza. Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote, na kwa nafasi yako ya uongozi ndiyo ningekusihi usiiache hata siku moja. Kama kuna vibao vya majina mezani, vitazame baada ya kujaribu, si kabla. Ukivitegemea, mtakutana mwezi mzima na siku vikiondolewa hujui jina la mtu.

Kama bado hamjafanya kikao cha kufahamiana, kuna mchezo ambao Morris na Fritz waliufanyia utafiti na kuuchapisha mwaka 2000. Kila mtu, kabla ya kusema jina lake, anataja majina ya wote waliomtangulia. Wanafunzi walioucheza walikumbuka majina ya wenzao vizuri zaidi kuliko waliojitambulisha kwa njia za kawaida, na faida hiyo ilionekana hata miezi mingi baadaye. Siri yake ni ile ile: kila zamu watu wote wanayatafuta majina kimya kimya pamoja na anayesema. Watu 40 kwa pamoja ni wengi mno. Wagawe katika makundi ya wanane au tisa, nawe upite kundi hadi kundi, kila mara uwe wa mwisho. Mruhusu anayekwama asaidiwe mara moja. Mchezo huu ukigeuzwa mtihani wa kumwaibisha mtu umeuharibu.

Ile siku uliyomwita mfanyakazi kwa jina la mwenzake imekuumiza, naona. Samantha Deffler na wenzake waliwauliza watu zaidi ya 1,700 kuhusu makosa kama hayo, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Tunachanganya majina ya watu walio katika kundi moja akilini mwetu: watoto kwa watoto, marafiki kwa marafiki, na nadhani hata wafanyakazi kwa wafanyakazi. Majina yanayofanana kwa sauti huongeza hatari. Kufanana kwa sura kuna mchango mdogo. Kwa hiyo hukumdharau yule kijana. Akili yako ilimweka mahali pamoja na mwenzake, basi. Watu wawili ambao huwachanganya, usijifunze majina yao kwa pamoja. Mchukue mmoja mpaka akae, ndipo umchukue wa pili, na kwa kila mmoja shika jambo ambalo mwenzake hana. Ukikosea tena mbele ya watu, taja jina sahihi papo hapo, sema samahani mara moja, uendelee na hoja. Ukiomba radhi kwa maneno mengi, mwenye jina ndiye anayebaki na mzigo wa kukufariji.

Na lile linalokwama kwenye ncha ya ulimi? Roger Brown na David McNeill, mwaka 1966, walionyesha kwamba mtu katika hali hiyo mara nyingi anaijua herufi ya kwanza ya neno, hata idadi ya silabi zake. Kwa hiyo unaweza kupitia herufi kwa muda mfupi, au kurudi kwenye habari za mtu: tulikutana wapi, alikuwa na nani. Lakini usijikamue. Amy Beth Warriner na Karin Humphreys waliona mwaka 2008 kwamba watu walioachwa wakihangaika muda mrefu kabla ya kupewa neno walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukwama kwenye neno lile lile siku nyingine. Ni kama ubongo umejifunza kukwama. Kama halikuji baada ya sekunde chache, uliza au tazama daftarini, litamke, kisha ulitafute tena baada ya muda. Na usianze kukisia kwa sauti, "Asha? Amina?", maana jina lisilo lake hilo ulilolitamka litakaa mlangoni.

Lala vizuri pia. Nathan Whitmore na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2022, waliwachezea watu rekodi za majina waliyojifunza huku wamelala, na majina hayo yaliimarika kwa wale tu waliopata usingizi mzito wa kutosha usiokatizwa. Kuchezewa majina huhitaji. Usingizi wenyewe unauhitaji, hasa wiki hizi za mwanzo.

Mwisho, yule uliyefahamiana naye mwaka mzima. Kuna hila watu hufundishana, kama kumtambulisha mtu uliyefuatana naye ukitumaini mwenzako atalitaja jina lake mwenyewe. Kwa mtu utakayekutana naye mara moja tu, sioni ubaya. Kwa mtu mnayefanya kazi pamoja, unaweza kumuuliza kwanza mwenzenu mwingine faraghani. Ni njia halali na haimuumizi mtu. Lakini kama hakuna wa kumuuliza, nenda kwake mwenyewe mkiwa wawili. Ukisingizia umri au wingi wa watu, unamwambia kwamba yeye ni mmoja wa wengi. Mwambie: "Tumefahamiana mwaka mzima na ninakuheshimu, lakini jina lako limenitoka na sitaki kuendelea kukusalimu bila kulitaja. Naomba unikumbushe." Mtajie pia jambo unalolikumbuka kuhusu yeye, kwani unalikumbuka, umeniambia mwenyewe, hapo atajua kwamba kilichokutoka ni jina tu. Akishakujibu, ongeeni jambo jingine kwa dakika chache, kisha mwage kwa jina lake. Lijaribu ukifika mezani, lijaribu jioni, na mkikutana kesho yake liwe ndani ya salamu yako ya kwanza.